Soma Jina Kabla ya Kupima Kilo

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika kibanda kimoja cha vyuma chakavu huko Changamwe, nimechutama mbele ya rundo la spana zilizoshikana kwa kutu, nikizisugua moja moja kwa mswaki mkuukuu. Kijana wa mizani akaniuliza, "Mzee, watafuta namba ngapi?" Nikamwambia sitafuti namba, natafuta majina. Akacheka, kisha akaenda kumwita mwenzake aje anione.

Nimezoea. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa nakusanya vifaa vya mkono vya zamani: randa, misumeno, patasi, spana, pimamaji. Nyumbani wameshachoka kuniuliza ni lini chumba cha nyuma kitarudi kuwa chumba. Mimi mwenyewe si fundi. Diploma yangu ni ya uhasibu, na nikishika nyundo ni heri usimame mbali. Lakini marehemu baba yangu alikuwa seremala hapa Mji wa Kale, na habari hii yote inaanzia kwake.

Alipofariki mwaka 1999 nilikuwa bado chuoni. Aliacha nyumba ya kupanga, deni dogo dukani, na sanduku la vifaa lililokuwa zito kiasi kwamba lilibebwa na watu wawili. Baada ya matanga wazee walilipeleka kwa mnunuzi wa vyuma, likapimwa kwa kilo, deni likalipwa, na kilichobaki kikagawanywa kama sheria ya mirathi inavyotaka. Mama akapata thumuni yake, sisi watoto tukapata kilichosalia. Hesabu ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Kilichokuwa na kasoro ni ile jumla yenyewe, maana hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza kifaa kimoja akasoma kilichoandikwa. Sisi tuliuza uzito.

Na bado twauza. Kila mara nasikia nyumba fulani ya Majengo, Likoni au Malindi imefungua sanduku la marehemu babu na kulimaliza kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana nimeona leo niandike juu ya hayo majina: yalitoka wapi, yanasema nini, na ni yapi hayasemi lolote.

Tuanze na Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kwa sababu ni jina utakalokutana nalo mara nyingi katika masanduku ya wazee wetu. Mji huo uliishi kwa visu na vifaa vya chuma. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda chama cha wafua visu wa eneo lile, na mojawapo ya kazi za chama hicho ilikuwa kusimamia alama. Fundi apewe alama yake, aigonge kwenye kazi yake, na asiguse ya mwenzake. Kwa hiyo alama unayoiona kwenye patasi haikuanza kama pambo la matangazo. Ilianza kama dhamana: kisu kikivunjika, ajulikane aliyekifua.

Kwenye patasi na misumeno hiyo ya zamani mara nyingi utaona pia maneno CAST STEEL. Hapa wengi huteleza. Mtu anayejua Kiingereza kidogo husoma na kudhani ni chuma cha kumimina, kile cha bei ndogo kinachopasuka ukikiangusha sakafuni, akakitupa. Mambo ni kinyume kabisa. Katika miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja aitwaye Benjamin Huntsman alichoshwa na chuma cha pua alichokuwa akikipata kwa ajili ya springi za saa zake, maana kilikuwa kigumu upande mmoja na laini upande mwingine. Akakiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo maalumu, katika moto mkali mno, hadi kikawa maji na kuchanganyika sawasawa. Hiyo ndiyo pua iliyopewa jina hilo, na kwa muda unaokaribia miaka 200 ikawa fahari ya Sheffield. Tanuri za umeme zilipoenea katika karne ya 20, kazi ya vyungu ikafifia na maneno hayo yakaanza kupotea kwenye vifaa vipya. Basi ukiokota patasi yenye maneno hayo, umeambiwa mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwamba kisu chake kitakubali makali, na kwamba si ya jana.

Jina likishakuwa na thamani huibwa. Kufikia mwisho wa karne ya 19 watu wa Sheffield walikuwa wakilalamika kwamba bidhaa kutoka Ujerumani zinauzwa zikiwa na majina na alama zinazofanana na zao. Mwaka 1887 Uingereza ikatunga sheria ya alama za bidhaa ili kitu cha kigeni kisijifanye cha Kiingereza, na maneno Made in Germany yakaanza kuonekana kila mahali. Yalikusudiwa kuwa aibu. Wanunuzi walipozitumia bidhaa zenyewe wakaona nyingi ni nzuri, na ile aibu ikageuka kuwa sifa ambayo Wajerumani wanaringa nayo mpaka leo. Marekani nayo mwaka 1890 ikapitisha sheria iliyotaka bidhaa zinazoingizwa kwao ziandikwe jina la nchi zilikotoka.

Sheria hizi ni rafiki mkubwa wa mkusanyaji. Kifaa kilichoandikwa jina la nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo, na nchi zenyewe huzaliwa na kufa. Koleo lililoandikwa West Germany halikutengenezwa kabla ya 1949, wala miaka mingi baada ya 1990. Tupa yenye herufi za USSR iko kati ya 1922 na 1991. Ukiona Czechoslovakia, anza 1918 na uishie 1992. Ramani ya dunia ya babu yako imo ndani ya sanduku lake, ila imeandikwa kwa herufi ndogo.

Sisi wa Pwani hatupaswi kuona haya ni mageni. Bibi zetu waliita kitambaa amerikani kwa sababu kililetwa na majahazi makubwa ya Wamarekani, na jina likabaki hata pale kitambaa kama hicho kilipoanza kuletwa kutoka Bombay. Neno randa lenyewe wanalo Waajemi na Wahindi pia. Na msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ulikuwa ni mti wenye majani makavu ya kukwaruza ambayo wazee walisugulia mbao. Jina hubaki hata kitu chenyewe kikibadilika, na hilo ndilo la kuangaliwa tukifika kwa Stanley.

Randa ya chuma ambayo fundi wa kwetu hukuonyesha kwanza ni Stanley. Wengi hudhani Stanley ni mtu mmoja na kiwanda kimoja. Walikuwa mabinamu wawili katika mji mmoja, New Britain, jimbo la Connecticut huko Marekani. Frederick Stanley alianza mwaka 1843 kwa kutengeneza makomeo. Binamu yake, Henry, alikuwa nyuma ya kampuni nyingine iliyoanzishwa mwaka 1857, iliyotengeneza rula na pimamaji. Kampuni hii ya pili ndiyo iliyonunua mwaka 1869 hataza za fundi aitwaye Leonard Bailey, mtu aliyebuni jinsi ya kushusha na kupandisha kisu cha randa kwa kuzungusha gurudumu dogo la shaba badala ya kukigonga kwa nyundo. Randa nyingi za chuma unazoziona leo, popote zilipotengenezwa, zinafuata mpango wa Bailey.

Bailey baadaye alikosana na Stanley na kuanza kutengeneza randa zake za kushindana nao. Walioshinda ni wao. Lakini kuanzia mwaka 1902 wakawa wanaliandika jina lake, BAILEY, kwenye mwili wa randa zao, mbele kabisa, na likakaa hapo miaka mingi baada ya yeye kufariki. Wallahi sijui kama hiyo ni heshima au ni ushindi.

Ukitaka kujua umri wa Stanley ya Marekani, toa kisu na utazame mwilini nyuma ya pale kinapolalia. Zipo zilizoandikwa tarehe za hataza. Zenye tarehe tatu, mbili za mwaka 1902 na moja ya Aprili 1910, zilitengenezwa katika miaka ile ya Vita vya Kwanza vya Dunia au karibu yake. Kisha tazama kisu chenyewe. Kampuni mbili za mabinamu ziliungana mwaka 1920, na tangu hapo hadi katikati ya miaka ya 1930 visu viligongwa muhuri wa moyo wenye herufi S na W ndani yake. Kijana mmoja aliwahi kuniuzia kisu cha namna hiyo akiniapia kuwa ni zawadi ya mchumba. Ule moyo hauhusu mapenzi. Ulikuwa kumbukumbu ya William Hart, mkuu wa kampuni hiyo kwa miaka mingi, ambaye jina lake kwa Kiingereza linasikika kama neno moyo.

Lakini Stanley nyingi nilizozipata hapa Mombasa hazikutoka Marekani. Zimeandikwa Made in England, kwa sababu miaka michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni hiyo ilinunua kiwanda huko Sheffield na kuanza kutengenezea hukohuko bidhaa za soko la Waingereza na makoloni yao. Karibu nazo utakuta randa za rangi ya buluu zilizoandikwa Record. Hizo pia ni za Sheffield, za kampuni ya C. & J. Hampton, ambao walianza kutengeneza randa mwaka 1931 na kufuata namba za Stanley, wakiongeza sifuri mbele. Namba 4 ya Stanley ni 04 ya Record. Mafundi wa hapa huzitumia zote bila ubaguzi, na mimi sioni kosa.

Sasa bei. Watu hudhani kila cha kale ni ghali. Randa namba 4 ilitengenezwa kwa wingi mno, na hata ikiwa na miaka 90 haitakutajirisha. Namba 1 ya Stanley, randa ndogo mfano wa kitu cha kuchezea mtoto, wakusanyaji wa Marekani huinunua kwa zaidi ya dola 1,000, kwa sababu wachache waliinunua ilipokuwa dukani. Sijawahi kuiona kwa macho yangu. Nimewahi kuiota.

Kwenye misumeno, jina kubwa ni Disston. Henry Disston alizaliwa Uingereza, akahamia Philadelphia akiwa kijana, na mwaka 1840 akaanza kutengeneza misumeno yake. Kwenye mpini wa mbao wa misumeno hiyo kuna kishikizo cha mviringo cha shaba, ukubwa wa sarafu, chenye jina. Jina hilo lilibadilika kila familia ilipobadilika. Mwaka 1865 mwanawe aliingia kazini, kishikizo kikaandikwa Disston na Mwana. Mwaka 1871 likaongezwa wingi, ikawa Wana. Kampuni iliuzwa mwaka 1955 na familia ikatoka. Kwa hiyo mtu aliyezoea hukisoma kishikizo kile kama kitambulisho.

Hapa lazima nikiri jambo. Nilipokuwa mdogo, msumeno wa baba ulikuwa na duara la shaba kwenye mpini, na mimi nilidhani ni pesa aliyoificha. Nilishajaribu kuing'oa kwa bisibisi, nikapata nilichostahili. Nilikumbuka vizuri kwamba lilikuwa na ndege aliyekunjua mbawa. Nilipoanza kukusanya na kusikia habari za Disston, nikawa nawaambia watu kwa kifua mbele kwamba baba yangu alikuwa na Disston na ikauzwa kwa kilo. Nilisema hivyo miaka mitatu au minne. Kisha nikaupata msumeno wenye ndege yuleyule, nikausafisha kishikizo kwa siki, na kumzunguka yule ndege nikasoma WARRANTED SUPERIOR. Yaani bora kwa dhamana. Dhamana ya nani? Hakuna. Maneno hayo si jina la mtu wala kiwanda. Viwanda vingi, pamoja na vile vikubwa, viliweka kishikizo hicho kwenye misumeno ya bei nafuu iliyouzwa na maduka ya vifaa bila jina la aliyeitengeneza. Huenda ule wa baba ulitoka kwa Disston mwenyewe, huenda ulitoka kwingine. Ulikuwa msumeno wa kawaida wa mtu wa kawaida, na kwa msumeno huo alitulisha.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukiona ndege na maneno hayo usimpigie simu jamaa yako aliye Ulaya.

Baadhi ya viwanda vilijua kwamba mnunuzi huenda hajui kusoma herufi zao, vikatumia picha. William Marples wa Sheffield, ambaye kampuni yake ilianza mwaka 1828, aligonga kijani chenye majani matatu kwenye patasi zake. Kampuni ya Sandvik ya Uswidi tangu mwaka 1886 ilitumia samaki na ndoana kwenye misumeno, na samaki yuleyule leo yumo kwenye vifaa vya Bahco, baada ya kampuni hizo kuungana. Bahco ndio waliotangaza duniani ile spana ya kupanua na kubana, aliyoibuni Mswidi Johan Petter Johansson katika miaka ya 1890. Mafundi wetu wameipa jina kwa vile inakubali kila nati, na jina hilo sitaliandika hapa kwa sababu mama yangu husoma safu hii. Mamba wa kwenye panga naye ana kwao: ni alama ya Ralph Martindale wa Birmingham, ambaye hata kiwanda chake kiliitwa kwa jina la mamba. Mkulima wa Kilifi au wa Kwale ambaye hajawahi kusikia jina la Martindale alijua kuomba panga la mamba, na biashara ilikwenda.

Alama ninazozipenda kuliko zote, hata hivyo, hazikugongwa na kiwanda. Ninazo spana mbili zenye herufi E.A.R. & H., yaani reli na bandari za Afrika Mashariki, shirika lililokuwepo kwa jina hilo kuanzia 1948 hadi 1969, lilipogawanywa, reli upande wake na bandari upande wake. Zilivyotoka karakana ya serikali hadi kibanda cha vyuma si kazi yangu kuuliza. Moja yao imeandikwa 1/2 W. Usipime mdomo wake ukitegemea nusu inchi, maana utakuta unakaribia inchi nzima. Herufi W ni ya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 kwamba parafujo zote za nchi yake ziwe na kipimo kimoja, na kwa vipimo vyake namba ya spana hutaja unene wa bolti, si upana wa nati. Vijana wa gereji huzitupa spana hizi wakisema zina namba za uongo. Ni namba za kweli za zamani nyingine.

Tena kuna alama za wenyewe. Mafundi wa zamani waliazimana vifaa, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake: mkato kwenye mpini, herufi za kuchoma kwa moto, wengine herufi za Kiarabu. Baba alikuwa akipiga nukta tatu, mbili chini na moja juu, kama zinavyokaa juu ya herufi shin, kwa sababu jina lake lilianzia na herufi hiyo. Alizipiga kwa ncha ya msumari wa chuma kigumu, kwenye mbao na kwenye chuma pia pale kilipokubali.

Ikiwa unalo sanduku la namna hii nyumbani, ombi langu la kwanza ni kwamba usilipeleke kwa kijana wa grainda. Nimeona misumeno iliyong'arishwa kama sahani za arusi, jina limefutika lote, na pamoja na jina thamani yake. Jina la msumeno huwa limechorwa juujuu tu kwenye bapa, si kugongwa. Paka mafuta ya taa, acha usiku kucha, kisha sugua polepole kwa msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao bapa, ili uguse juu ya kutu bila kuingia kwenye maandishi. Kifaa kidogo cha chuma kitupu waweza kukilaza kwenye siki siku moja, ukikitoa ukioshe na ukikaushe papo hapo, maana hewa yetu ya bahari haisubiri. Ukimaliza kipake mafuta. Mipini ya mbao usiipake rangi. Jasho la mkono wa mwenyewe lilishaipaka.

Na usipeleke kitu nje ya nchi bila kufikiri. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na hakitoki bila kibali. Vifaa vingi vya baba zetu ni vya baada ya hapo, lakini tezo ya kujengea majahazi kutoka Lamu yaweza kuwa ni ya zamani kuliko unavyodhani.

Miaka mitano iliyopita niliitwa na mama mmoja wa Majengo. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanikaribisha kwa kahawa, kisha akanionyesha sanduku chini ya kitanda. Marehemu mumewe alikuwa fundi mbao wa mabehewa ya reli. "Mwanangu, nataka nafasi tu," akasema. "Wa vyuma amesema atanipa elfu mbili. Wewe waonaje?" Ndani mlikuwa na patasi, keekee, na kitu kizito kama tofali kilichofungwa kwa kitambaa. Nilikifungua. Ilikuwa randa ya sanduku la chuma lililojazwa mbao nyekundu ngumu, imetiwa mafuta kama jana, na kwenye kifuniko cha kukaza kisu pameandikwa NORRIS LONDON.

Thomas Norris alitengeneza randa London kwa ajili ya mafundi wa samani waliotaka kumaliza mbao bila kuipiga msasa. Mwaka 1913 walipata hataza ya parafujo inayosogeza kisu mbele na nyuma na pembeni kwa wakati mmoja. Fundi wa kawaida hakuimudu, ilikuwa kama mshahara. Zile zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Pili ndizo zinazogombaniwa na wakusanyaji, na hiyo ilikuwa mojawapo. Kwenye mizani ya vyuma ingekuwa kitu bora kuliko vyote sandukuni, kwa sababu ndiyo ilikuwa nzito zaidi.

Nilimwambia mama, "Nitakupa elfu mbili na mia tano." Akashukuru. Akaniombea dua. Nikabeba sanduku, nikapanda tuktuk.

Siku hiyo sikula vizuri. Sikumdanganya, nilijiambia, nilimpa zaidi ya alivyoahidiwa, na biashara ni makubaliano. Lakini kila nilipoitazama ile randa nilikuwa namwona mama yangu akihesabu thumuni yake mwaka 1999. Yule mnunuzi wa vyuma wa wakati ule angalau hakujua. Mimi nilijua. Baada ya swala ya Alfajiri nilirudi Majengo na sanduku lote, nikamweleza mama kila kitu, pamoja na kwamba jana nilinyamaza makusudi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na hiyo kahawa je, ilikuwa na sukari ya kutosha?" Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisamehe au akinipiga kofi.

Tulikubaliana nimuuzie kwa wakala wa dalali, nipate ujira unaojulikana. Mkusanyaji mmoja wa Uingereza aliichukua, na baada ya gharama za posta na ujira wangu zilibaki zaidi ya shilingi 50,000. Watoto wake waliitwa, mabinti na vijana wa kiume, zikagawanywa mbele yao kwa mafungu yao. Patasi alizichukua kijana mdogo, ambaye anafanya kazi ya makabati huko Mtwapa. Keekee nilinunua mimi, kwa bei aliyoitaja mama, na hakunipunguzia.

Ile Jumamosi Changamwe nilitoka na spana moja na tupa ya Kirusi. Kabla ya kuondoka nilimwachia kijana wa mizani namba yangu ya simu, nikamchorea nukta tatu kwenye kipande cha boksi, mbili chini na moja juu, ili akiziona kwenye mpini wa msumeno au ubavuni mwa randa anipigie. Ameibandika ukutani juu ya mizani. Vibanda vingine vinne vya Mombasa vinayo karatasi kama hiyo. Bado hajapiga yeyote.